Kabla ya masika: Namna ya kuziba paa la gari la watalii linalovuja

MVUA za masika hazimhurumii mwenye gari bovu. Katika Pwani ya Kenya, mvua hizo kwa kawaida huanza mwishoni mwa Machi, hushika kasi Aprili na kufikia kilele mwezi wa Mei. Kwa wenye magari ya kubebea watalii katika Changamwe, Kisauni na Likoni, huo ndio wakati ambapo siri ya paa hufichuka. Tone la kwanza huonekana kwenye kitambaa cha dari, la pili kwenye kiti, na la tatu huenda likaangukia kamera ya mgeni aliyesafiri kutoka mbali kuja kuwatazama ndovu wa Tsavo.

Hapo lawama humwangukia dereva, ingawa si yeye aliyeliziba paa. Mgeni hulalamika, kampuni iliyolikodi gari hutafuta jingine, na mwenye gari hukimbilia gereji akitaka dawa ya siku moja. Fundi naye hupanda juu, hupaka gundi mpya juu ya ile inayobanduka, hulipwa na kushuka. Baada ya wiki chache hali hurudi kuwa ile ile, na pengine mbaya zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walichoacha kutaja ni kwamba hata kuziba ufa kuna namna yake. Makala haya yanaeleza kwa nini mpira na gundi za paa la gari hubanduka upesi katika mazingira yetu ya bahari, na hatua ambazo mwenye gari anapaswa kumtaka fundi azifuate ili kazi idumu.

Paa lililotobolewa kwa makusudi

Magari haya hayakutoka kiwandani yakiwa hivyo. Zamani Volkswagen, maarufu kama Kombi, ndizo zilizotamba katika safari za mbugani. Baadaye Toyota Hiace na Nissan zikachukua nafasi, na siku hizi Land Cruiser zilizorefushwa zimeongezeka. Yote hayo hupitia kwa mafundi wa bodi ambao hukata paa la bati, huzungushia tundu fremu ya chuma, kisha huweka kifuniko kinachoinuliwa ili abiria wasimame na kutazama wanyama.

Kifuniko hicho huwa cha bati, alumini au faibaglasi. Kinapofungwa, hukalia mpira uliozungushwa kwenye ukingo wa tundu. Mbali na mpira huo kuna mistari ya gundi mahali fremu inapokutana na paa, kwenye bawaba, kwenye ribiti na kwenye skrubu za vishikio. Kwa hiyo, tunaposema "paa linavuja", tunazungumzia sehemu nyingi na wala si moja.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuzingatiwa. Mengi ya magari ya aina ya Hiace na Nissan hayana chesisi nzito iliyojitenga kama ya lori. Uimara wake hutokana na bodi nzima, paa likiwa sehemu yake. Paa likishatobolewa, fremu ya chuma iliyozungushwa kwenye tundu ndiyo inayorudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Maji yakipenya chini ya gundi na kuilisha fremu hiyo kutu, hasara haiishii kwenye kiti kilicholowa. Gari likipinduka, abiria watakuwa wametegemea chuma kilichokwisha kuliwa.

Maadui wa gundi na mpira

Adui wa kwanza ni jua. Miale yake isiyoonekana kwa macho huvunjavunja viungo vya mpira na gundi. Mpira huanza kupoteza weusi wake, kisha huota nyufa ndogo ndogo mfano wa udongo wa bwawa lililokauka, na mwishowe huwa mgumu. Mpira uliokuwa mgumu haubonyei tena kifuniko kinapoukalia, na palipo na nafasi maji hupita.

Wa pili ni joto linalopanda na kushuka. Bati likiachwa juani huweza kupata joto kali kuliko hewa inayolizunguka, na likiwa na rangi nyeusi huweza kupita nyuzi 60. Usiku hupoa. Kila vyuma vinapopata joto hutanuka, na vinapopoa hunywea. Kipande cha chuma chenye urefu wa mita 2 kikiongezewa joto la nyuzi 40 hurefuka kwa takribani milimita 1. Alumini ya urefu huo huo hurefuka kwa karibu milimita 2. Ikiwa kifuniko kina ukingo wa alumini uliobanwa juu ya paa la chuma, gundi iliyo katikati huvutwa huku na huku kila siku ya Mungu. Gundi isiyonyumbuka huchanika.

Wa tatu ni chumvi. Gari linalolala Mtongwe au Bamburi, au linalosubiri zamu ya feri pale Likoni, hupuliziwa hewa ya bahari mchana na usiku. Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Aidha, metali mbili tofauti, kwa mfano ribiti za alumini na bati la chuma, zikigusana katika unyevu wa chumvi, moja huliwa upesi kuliko kawaida. Ndiyo sababu mara nyingi uvujaji huanzia kwenye ribiti.

Wa nne ni mtikisiko. Lami nzuri ya barabara ya Mombasa kwenda Voi haina taabu kubwa. Lakini gari likishaingia lango la Bachuma na kuanza kukanyaga barabara za udongo mwekundu za Tsavo Mashariki, zenye matuta madogo madogo mfululizo, kila skrubu hutetemeka. Vumbi lile jekundu nalo hujipenyeza kati ya mpira na kifuniko, likausugua kama msasa. Ndivyo ilivyo pia katika njia za ndani za hifadhi ya Shimba Hills kule Kwale, ambako wageni huenda kumtafuta palahala.

Hata hivyo, adui mkubwa kuliko wote ni mazoea ya kufunika kibovu kwa kipya. Gundi hushika kile inachokigusa. Ikipakwa juu ya gundi kuukuu inayobanduka, itashika hiyo kuukuu kwa uaminifu kabisa, kisha zote mbili zitabanduka pamoja.

Mafundi wa kalafati walilijua hili

Mwambao wetu una elimu ya kuzuia maji iliyotangulia magari kwa karne nyingi. Fundi wa kalafati anayetengeneza jahazi au mashua haanzi kwa kupaka kitu. Huanza kwa kuchokora pamba kuukuu iliyooza katika mianya ya mbao, akaikagua mbao yenyewe, na iliyoliwa akaibadilisha. Ndipo hushindilia pamba mpya iliyotiwa mafuta. Mwisho kabisa chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, sehemu inayozama majini.

Utaratibu huo una ngazi tatu: ondoa kilichooza, jaza mwanya kwa kitu kinachonyumbuka, kisha funika ili kukinga. Paa la gari la watalii linahitaji ngazi hizo hizo, kwa mpangilio huo huo. Fundi anayeanza na ngazi ya tatu anapamba tu.

Kulitafuta tundu

Maji hayaangukii pale yalipoingilia. Huweza kupenya kwenye bawaba ya mbele, yakatiririka juu ya dari la ndani na kudondokea kiti cha nyuma. Kwa hiyo doa kwenye kitambaa cha dari ni ushahidi wa kuvuja, lakini si ramani ya tundu.

Kwanza, kitambaa cha dari kishushwe ili bati na fremu vionekane kwa ndani. Kisha watu wawili washirikiane: mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Maji yaanze kumwagiwa sehemu ya chini ya paa, kwenye mfereji wa pembeni, kwa dakika kadhaa bila presha kubwa. Pakikosa kuvuja, apande hatua kwa hatua hadi kwenye ukingo wa tundu, bawaba na hatimaye kifuniko chenyewe. Akianza kumwagia juu, maji yatateremka na kulowesha kila mahali, na chanzo hakitajulikana.

Mpira wa ukingo hupimwa kwa njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuweka ukanda wa karatasi juu ya mpira, kufunga kifuniko na kuivuta karatasi. Ikitoka bila upinzani, hapo kifuniko hakikazi. Irudiwe hivyo kuzunguka ukingo wote. Ya pili ni kupaka chaki juu ya mpira, kufunga na kufungua. Sehemu ya kifuniko isiyopata alama ya chaki ndiyo isiyogusana na mpira.

Wakati mwingine kipimo hiki hubainisha kwamba mpira ni mzima ila bawaba au komeo limelegea, au kifuniko kimepinda. Katika hali hiyo kununua mpira mpya ni kupoteza fedha.

Kukwangua, kusafisha na kukausha

Hii ndiyo sehemu ndefu ya kazi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Gundi yote inayobanduka iondolewe kwa kisu butu au kipande cha plastiki kigumu, hadi ifikiwe sehemu iliyoshika barabara au bati lenyewe. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Palipotoboka paunganishwe kwa kuchomelea kipande cha bati. Kujaza tundu la kutu kwa puti ya bodi ni kujidanganya, kwa sababu puti hunyonya unyevu na kutu huendelea kutafuna chini kwa chini. Uchomeleaji ufanywe kabla ya gundi yoyote mpya kupakwa, kitambaa cha dari kikiwa kimeondolewa na betri imefunguliwa, ili kuepusha moto.

Silikoni kuukuu ni tatizo la pekee. Haiyeyuki kwa thina, na mabaki yake membamba yasiyoonekana huzuia rangi na gundi nyingine kushika. Isuguliwe mpaka iishe, kisha pajaribiwe kwa kunyunyizia maji kidogo. Maji yakitandaa, pamesafika. Yakijikusanya vidonge vidonge kama umande juu ya jani la mgomba, bado kuna silikoni au mafuta.

Baada ya hapo sehemu yote ioshwe kwa maji baridi na sabuni ili kuondoa chumvi na vumbi, iachwe ikauke, kisha ifutwe kwa spiriti. Fundi atumie vitambaa viwili visafi: kimoja chenye spiriti, na kingine kikavu cha kufutia kabla spiriti haijaruka. Akitumia kitambaa kimoja, atakuwa akihamisha uchafu kutoka hapa kwenda pale. Chuma kilicho wazi kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Katika hewa ya Mombasa, chuma kilichosuguliwa leo na kuachwa usiku kucha huamka na wekundu.

Gundi ipi ya kuchagua?

Madukani zipo aina nyingi, na jina la kampuni si muhimu kama aina iliyoandikwa kwenye mkebe.

Silikoni ya kawaida, ile inayonuka kama siki, haifai kwenye bati. Harufu ile hutokana na asidi inayotoka gundi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu. Isitoshe, silikoni haipakiki rangi, na atakayekarabati baadaye atapata taabu kuiondoa.

Poliyurethani ndiyo inayotumiwa sana katika bodi za magari. Hushika chuma na faibaglasi iliyoandaliwa vyema, hunyumbuka, na hupakika rangi. Udhaifu wake ni kwamba jua huichakaza ikiachwa wazi, hivyo inapaswa kufunikwa kwa rangi. Pia mvuke wake si salama kuvuta. Ipakwe mahali penye hewa ya kutosha, mikono ikiwa na glavu.

Tepu laini za butili, zinazofanana na ubani uliotafunwa, hufaa kuwekwa chini ya vipande vinavyobanwa kwa skrubu, kama vile bawaba na vishikio. Hazikauki, kwa hiyo huendelea kujaza mwanya hata vyuma vinapotanuka na kunywea.

Tepu za lami zenye karatasi ya fedha juu zilikusudiwa mapaa ya nyumba. Zinaweza kumwokoa dereva aliyekwama safarini, lakini katika joto la Pwani lami hulainika na kuteleza. Zihesabiwe kama plasta ya kidonda, na wala si tiba.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba poliyurethani huhitaji unyevu wa hewani ili ikauke. Huanza kukauka nje, kisha ndani, kwa kasi ya takribani milimita 2 hadi 4 kwa siku. Lakini bati linalopakwa lazima liwe kavu kabisa, kwani unyevu ulionaswa chini huzuia kushika. Kwa sababu hiyo mstari wa gundi wenye unene wa milimita 6 huweza kuonekana mkavu baada ya saa chache ilhali ndani bado ni mbichi. Gari likipelekwa Tsavo siku hiyo, mtikisiko utauchana kabla haujakomaa.

Saa ya kazi pia ina maana. Mafundi wetu huitwa wa jua kali kwa sababu hufanya kazi pasipo paa, lakini gundi haipendi jua hilo. Adhuhuri bati huchoma, na gundi hutokwa na mapovu. Alfajiri nako kuna umande. Palipokosekana banda, wakati mwafaka ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, au kuanzia saa kumi alasiri.

Mpira wa ukingo

Mpira mpya usivutwe unapowekwa. Fundi akiuvuta ili utoshe, utajirudi baada ya siku kadhaa na kuacha pengo kwenye maungio. Ukatwe ukiwa mrefu kidogo kuliko kipimo, kisha ncha zisukumizane na kugundishwa. Maungio hayo yawe upande wa nyuma mbali na pembe, kwa sababu upepo wa mwendo husukuma maji kwa nguvu upande wa mbele.

Madereva wengi huupaka mpira grisi au mafuta ya injini wakiamini wanaulainisha. Mafuta hayo ya petroli huufanya mpira uvimbe na kuoza. Maji na sabuni baada ya kila safari yanatosha kuondoa vumbi, na poda kidogo huuzuia usinate. Kadhalika, gari litakaloegeshwa muda mrefu ndani ya banda kavu liachwe makomeo yake yakiwa yamelegezwa, ili mpira usizoee kubonyea.

Vijitundu vya kutolea maji kwenye mfereji wa paa navyo vizibuliwe. Si mara moja fundi amesumbuka na gundi ilhali maji yalikuwa yakijaa kwenye mfereji ulioziba majani ya mwarobaini na kufurika kuelekea ndani.

Tatizo la kalenda

Hapa ndipo penye mtihani halisi. Msimu wa watalii katika Pwani huchangamka kuanzia Desemba hadi Machi, na tena kuanzia Julai. Aprili hadi Juni biashara hulala na hoteli kadhaa hufunga milango. Ni jambo la kawaida basi kwa mwenye gari kusubiri miezi hiyo ndipo alipeleke gereji. Lakini miezi hiyo ndiyo ya mvua nyingi kuliko yote. Gari huwa na nafasi pale ambapo hali ya hewa haina, na hali ya hewa huwa nzuri pale ambapo gari liko kazini.

Ndiyo maana viraka vingi vya Mei hubanduka. Fundi hupaka gundi kati ya manyunyu mawili, juu ya bati lililokaushwa kwa kitambaa.

Njia ya kutoka ni kuigawa kazi. Ukaguzi wa maji, karatasi na chaki huchukua nusu siku, na unaweza kufanywa Februari kati ya safari mbili. Ukionyesha kasoro ndogo, zitengewe siku tatu mfululizo mapema Machi: ya kwanza ya kukwangua na kupaka rangi ya kuzuia kutu, ya pili ya gundi, na ya tatu ya kukauka. Siku hizo tatu ni mapato yaliyopotea, na hakuna mwenye gari anayezifurahia. Hata hivyo ni chache kuliko wiki za kung'oa dari, kubadilisha fremu na kupaka rangi upya. Kazi kubwa ya kuchomelea inaweza kusubiri Mei, kwa sharti kwamba gereji ina banda lisilovuja.

Anayetafuta fundi huko Magongo, Chaani, Mlaleo au Mtongwe anaweza kumpima kwa maswali matatu kabla ya kuafikiana bei. Je, ataiondoa gundi kuukuu au atapaka juu yake? Anatumia gundi ya aina gani, na kwa nini? Gari litakaa siku ngapi kabla ya kurudi barabarani? Anayejibu kwamba ataziba na kulikabidhi jioni hiyo hiyo, hata kama bei yake ni nafuu, anauza matumaini.

Kazi ikimalizika, mwenye gari alipime paa tena kwa maji kama alivyofanya mwanzo kabla kitambaa cha dari hakijarudishwa, kisha aandike tarehe na aina ya gundi iliyotumika katika daftari la gari. Fundi atakayepanda juu ya paa hilo miaka mitatu baadaye atajua anachokwangua, na hatalazimika kubahatisha.